Jinsi ya Kutafakari Kabla ya Saa Sita Usiku

Kabla hujatafakari jambo lolote, nunua bando. Tafakari isiyopakiwa haihesabiki, na mwisho wa kupakia ni leo, dakika moja kabla ya saa sita usiku. Kama umetumwa huku Busia kwa mzunguko wako wa mashinani, ichunge na simu yenyewe. Ukikaa dirisha linalotazama magharibi itanasa mtandao wa Uganda na kukukaribisha kwa bashasha katika nchi ambayo hujatia mguu. Wewe uko Kenya, salio liko Kenya, tafakari imekwama ng'ambo. Hamia dirisha la mashariki. Ukiwa Sigalame, tafuta mwinuko; vilima vya Samia havikuwekwa pale kwa ajili ya kupendezesha kalenda. Ukiwa Malaba, ngoja madereva wa malori walale kwanza, maana foleni nzima hupigia nyumbani saa hizo hizo unazotaka kujutia mambo mtandaoni.

Mwongozo huu umeandikiwa daktari anayesomea ubingwa, yule ambaye chuo kimemfungulia potifolio ya kielektroniki, kikampa nywila na kumweleza kwamba kuanzia sasa hatatibu tu. Atajitazama akitibu, ataandika alichokiona, kisha atampelekea msimamizi wake akibonyeze. Matabibu, wauguzi na madaktari wa intaniship wanaweza kusoma pembeni. Zamu yao inakuja.

Tuipe kwanza haki yake. Kabla ya potifolio kulikuwa na logibuku, daftari gumu lenye madoa ya iodini na sahihi za wakubwa zilizoandikwa kwa haraka kiasi kwamba hata mwenyewe asingeweza kuapa ni yake. Likisahaulika kwenye matatu ya Eldoret, limeondoka na miaka yako minne ya upasuaji. Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, kilihamishia hesabu hiyo mtandaoni kwa ushirikiano na wenzao wa chuo cha wapasuaji cha Ireland. Wanafunzi wake hawakai darasani mahali pamoja. Wametawanyika katika hospitali za nchi nyingi, na pasipo logibuku ya kielektroniki hakuna mtu Arusha ambaye angejua nani ameshona ngiri kwa mkono wake na nani amekuwa akishikilia tu nyama pembeni huku mkubwa akishona. Hapo sina kejeli. Hesabu ni hesabu, na mgonjwa ana haki ya kupasuliwa na mtu aliyekwisha kupasua.

Balaa linaishi chini ya hesabu, kwenye kisanduku cheupe kinachouliza: Ulijifunza nini?

Asili yake ni ya heshima. Mwaka 1983 Mmarekani Donald Schön, ambaye hakuwa daktari, alichapisha kitabu juu ya namna wasanifu majengo, wahandisi na wataalamu wengine wanavyofikiri mikono ikiwa kazini. Mwaka 1988 Graham Gibbs wa Oxford akachora mduara wa hatua sita: nini kilitokea, ulihisi nini, nini kilikuwa kizuri au kibaya, kwa nini, ungefanya nini tofauti, na utafanya nini siku nyingine. Waingereza walipoanza mfumo wao mpya wa kufunza madaktari wachanga mwaka 2005, mduara ukaingizwa kwenye kompyuta. Ukishaingia kwenye kompyuta, kitu hupata alama nyekundu ya lazima kujaza, na huo ndio mwisho wa heshima yake.

Kuchagua mkasa

Usichague mkasa unaokunyima usingizi. Huo ni wako. Potifolio inataka mkasa wa kiasi, wenye ubaya wa kutosha kuonyesha kwamba umejifunza, lakini usio na ubaya wa kumfanya mtu aulize ulikuwa wapi. Majibu ya maabara yaliyochelewa kidogo ni mazuri. Ndugu wa mgonjwa aliyepandisha sauti, kisha ukamtuliza, ni bora zaidi. Na ukikwama kabisa, una bahati ya kuwa Busia, ambako siku haiishi bila suala la lugha. Bibi anazungumza Kiteso, wewe umelelewa Nyeri, muuguzi wa zamu ni Msamia, na anayewatafsiria ni askari wa getini ambaye mama yake ni wa Amagoro. Bibi anaongea dakika tano. Askari anasema, "Anasema tumbo." Andika kwamba umejifunza umuhimu wa mawasiliano.

Kwa jumla, jifunze umuhimu wa mawasiliano kila inapowezekana. Sijawahi kuona msimamizi aliyelikataa somo hilo. Ukiona umelitumia mno, badilisha na ushirikiano, halafu rudi.

Kwenye hatua ya pili, ya hisia, kuwa mwangalifu kuliko ulivyo unapomtoboa mgonjwa uti wa mgongo. Hisia zinazoruhusiwa ni wasiwasi wa kiasi, unyenyekevu, na shukrani kwa timu. Njaa hairuhusiwi. Hasira kwa sababu mshahara umechelewa hairuhusiwi, hata kama mwaka 2024 nchi nzima ilikaa siku 56 madaktari wakiwa kwenye mgomo, na malipo ya wenzenu wa intaniship yakiwa katikati ya ugomvi. Usingizi unaruhusiwa, mradi uuite changamoto.

Mfano wa kazi

Tuseme ni Jumanne usiku. Mama amejifungua salama katika zahanati moja huko ndani, mtoto analia vizuri, halafu damu haikomi. Analetwa kwa Probox kwa kuwa ambulansi iko gereji. Ukifika wodini unamkuta mkunga wa zamu ameshatundika oksitosini, mkono mmoja anakanda mfuko wa uzazi, mkono mwingine umeshika simu anamtafuta mtu wa maabara. Asidi ya traneksamiki inaingia. Damu bado. Mkunga anachana pakiti ya kondomu, anaifunga kwa uzi kwenye mpira wa mkojo, anaisukuma ndani, na wewe unaijaza maji ya chumvi kwa bomba la sindano, bomba baada ya bomba, mpaka ibane. Inabana. Sasa anahitaji kurudishiwa alichomwaga. Friji ya damu ina mifuko miwili, yote ya kundi AB. Mama ni O. Kituo cha damu cha kanda kiko Kisumu, zaidi ya kilomita 100. Ndugu wanaamshwa, na wa kwanza kufika ni kaka yake kutoka upande wa Uganda, amevuka na pikipiki usiku huo huo. Ni O. Anatolewa, damu inapimwa, inatundikwa. Kunakucha. Mama anaomba chai.

Sasa keti uandike.

Nini kilitokea: maneno 200 yasiyozidi. Mfumo utakukata kwenye 201, kwa hiyo mtoe kaka. Ulihisi nini: wasiwasi wa kiasi. Ungeweza kufanya nini tofauti? Hapa ndipo daktari mchanga hukwama, kwa maana jibu la kweli ni kwamba ungeweza kuwa Kisumu. Usiliandike. Andika kwamba siku nyingine utaagiza damu mapema. Ungeiagiza kwa nani, na mapema kuliko wakati gani, hayo hutaulizwa. Kisha utafungua orodha ya kuchagua somo ulilojifunza, na humo utakuta mawasiliano, ushirikiano, usimamizi wa muda, uongozi, maadili. Utaivuta orodha hadi chini kabisa ukitafuta friji. Friji haimo. Ambulansi haimo. Kaunti, ambayo tangu 2013 ndiyo mwenye hospitali hizi, mafuta ya gari hilo na fundi wa gereji hiyo, haimo. Aliyemo ni wewe.

Ukitaka kufaulu kwenye potifolio lazima uielewe vizuri kanuni hii. Kila kilichopungua hospitalini kigeuze kiwe kimepungua ndani yako. Glavu zikiisha, jifunze kupanga mapema. Stima ikipotea katikati ya upasuaji, jifunze utulivu. Ukiwa daktari mmoja kwa wodi tatu, jifunze kutanguliza mambo. Ukimaliza miaka yako ya mafunzo utakuwa mtu mtulivu mno, mwenye mipango mingi na asiye na glavu.

Nataja pembeni tu kwamba kuna watu waliotafakari damu hiyo hiyo kwa namna nyingine. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2023, haukumuuliza mkunga alihisi nini. Ulimpa karatasi ya plastiki yenye mistari ya kupimia, inayowekwa chini ya mama ili damu ionekane ni kiasi gani badala ya kukisiwa kwa macho, kisha dawa na hatua zote zikatolewa kwa pamoja badala ya moja moja. Uvujaji mkali na matokeo yake mabaya vilipungua kwa asilimia 60. Karatasi ile haina kisanduku cha hisia.

Kumficha mgonjwa

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na ni sheria nzuri. Chuo kitakuagiza usitaje jina. Nairobi hilo linatosha. Huku kwetu jina ndilo kitu kidogo kabisa tunachojuana nacho. Andika "mwanamume wa makamo, mfanyabiashara wa samaki, mwenye wake wawili na mguu mmoja mfupi", na kuanzia Sio Port hadi soko la Busia watu watakutajia nyumba yake, deni lake, na mke yupi aliyempeleka hospitalini.

Basi mbadilishe. Mfanye muuza nguo. Bado anajulikana. Mfanye mwanamke. Mpunguzie miaka ishirini, mhamishie Malaba, mpe kisukari badala ya shinikizo. Endelea hivyo mpaka uwe na hakika kwamba hakuna atakayemtambua, ukiwemo wewe. Nimesoma tafakari ya daktari mmoja hodari iliyofichwa kwa uangalifu kiasi kwamba mgonjwa alianza na matatizo ya tezi dume aya ya kwanza na akawa na mimba ya miezi saba kufikia ya tatu. Iliidhinishwa.

Kujificha wewe mwenyewe

Hapa niache mzaha kidogo. Februari 2011, katika hospitali moja ya Leicester, Uingereza, mtoto wa miaka sita alifariki chini ya uangalizi wa daktari aliyekuwa akisomea ubingwa wa watoto, Hadiza Bawa-Garba. Alikuwa amerudi karibuni kutoka likizo ya uzazi. Siku hiyo bosi wake hakuwepo kwa saa nyingi, madaktari hawakutosha, na mfumo wa kompyuta ulizima hata majibu ya maabara yakachelewa. Alifanya makosa, na hakuyakana. Mwaka 2015 mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia kwa uzembe mkubwa. Januari 2018 mahakama kuu ikaagiza jina lake lifutwe kwenye daftari la madaktari, na Agosti mwaka huo mahakama ya rufaa ikamrudisha.

Kulienea habari kwamba tafakari alizoandika kwenye potifolio ndizo zilizomtia hatiani. Si kweli, potifolio yake haikuwekwa mbele ya wazee wa baraza. Lakini madaktari wa Uingereza hawakungoja ufafanuzi. Hofu ilikuwa imeshaingia, na wengi walitangaza kwamba hawataandika tena jambo la kweli mahali ambapo wakili anaweza kulisoma. Wewe uliye Busia huna tofauti nao. Malalamiko dhidi yako yatakwenda Nairobi kwenye baraza la madaktari, na hujui ni nani ataomba kuchapishiwa nini.

Kwa hiyo andika kama mtu anayetoa ushahidi katika kesi ambayo bado haijafunguliwa. Usiseme "nilichelewa", sema "tathmini ilifanyika baadaye". Usiseme "sikujua", sema "fursa ya kujifunza ilijitokeza". Maneno yasiyo na mtendaji ni rafiki yako. Ukiisoma mwisho na kuona kwamba katika wodi nzima hakukuwa na binadamu, ila matukio yaliyokuwa yakijitokea yenyewe, hapo umeiva.

Wapo wanaoiachia roboti ya mtandaoni iwaandikie. Siwalaumu, ila muwe mnapishana. Msimamizi mmoja alipokea rundo la tafakari za darasa zima na kila moja ilikuwa imeacha "alama isiyofutika katika safari yangu ya kitaaluma".

Kumpata msimamizi

Konsalta wako ni mtu mwema aliyesahau nywila yake mwaka juzi. Barua pepe za mfumo huzichukulia kuwa za matapeli. Usimwandikie. Mvizie Ijumaa, baada ya raundi, kabla hajawasha gari, na ikiwezekana uwe na kikombe cha chai mkononi, cha kwake.

"Daktari, samahani. Naomba uniidhinishie tafakari."

"Ngapi?"

"Za muhula, Daktari."

Atavaa miwani, atachukua simu yako na kuanza kubonyeza kwa kidole gumba, moja, nyingine, nyingine. Usimkatize. Mara chache sana kidole husimama.

"Hii ya Jumanne ni ya nini?"

"Ya yule mama aliyevuja damu, Daktari."

"Umeandika ulihisi uko peke yako."

"Ndiyo, Daktari."

"Mimi nilikuwa nyumba ya pili. Mbona hukunigongea?"

Mwongozo huu hauna msaada kwa hatua hiyo. Utamwambia uliogopa kumwamsha, kwa sababu wiki iliyotangulia mwenzako alimwamsha akafokewa hadi wagonjwa wakamhurumia. Atanyamaza. Atakuambia kwamba alikosea kufoka, na kwamba usiku mwingine ugonge hata kama unajua atafoka, kisha atakuuliza maji ya chumvi mliyajaza kiasi gani kabla kondomu haijabana, na mtasimama pale karibu na gari mpaka chai ipoe, mkichora mfuko wa uzazi kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Halafu ataidhinisha yote yaliyobaki bila kusoma. Kwenye sehemu ya maoni ya msimamizi mfumo utaonyesha neno moja: "Vizuri."

Mambo madogo

Pointi zako za kujiendeleza, zile 50 ambazo baraza la madaktari linazitaka kila mwaka ndipo leseni ihuishwe, hazichumwi hapa. Hizo huchumwa kwenye ukumbi wa hoteli wenye kitambaa cheupe mezani, au kwenye semina ya mtandaoni ukiwa sokoni, kamera imezimwa. Zima na maikrofoni. Tayari kuna profesa aliyewahi kukatizwa na mtu anayebishana bei ya omena.

Kikao cha kupitia vifo vya akina mama usikiweke kwenye potifolio, ingawa utakihudhuria. Hakifai. Ripoti ya kwanza ya kitaifa ya Kenya ya uchunguzi wa siri wa vifo hivyo, iliyopitia vifo 484 vya mwaka 2014, ilikuta kwamba zaidi ya wanawake 9 kati ya kila 10 hawakuhudumiwa inavyopaswa, na vikao hivi viliwekwa ili kila hospitali ijiulize kwa nini. Vinafanyika kwenye chumba chenye viti vya plastiki. Hakuna anayetakiwa kutaja jina la mkosaji. Mtu wa maabara anaeleza saa aliyopigiwa na saa aliyofika. Dereva, akiwa na bahati ya kualikwa, anaeleza gari lilikuwa wapi. Kisha muuguzi mkuu, mama wa watu ambaye amezalisha nusu ya vijana wanaoendesha boda boda mjini, anasema kwamba kila akihesabu waliopotea tangu Krismasi, wengi walifika baada ya saa nne usiku, na saa nne ndipo lango la nyuma hufungwa, ambalo ndilo lililo karibu na wodi ya uzazi. Watu wanatazamana. Lango halijawahi kutajwa na daktari yeyote katika tafakari yoyote. Asubuhi yake askari anapewa ufunguo wa pili.

Ukijaribu kuingiza hilo kwenye mfumo, utaulizwa ni ujuzi gani wa kitabibu umeonyesha. Hakuna. Ulikuwa umekaa unasikiliza. Chagua "Nyinginezo", na ujiandae kurudishiwa.

Hatua ya sita

Umebakiwa na mpango wa utekelezaji, nayo ndiyo hatua ya kufunga. Mfumo unataka jambo mahususi, linalopimika, lenye tarehe. Ukiandika kwamba utaboresha mawasiliano, utapita na hutasumbuliwa tena maishani. Lakini kama Jumanne ile bado iko nawe, na bando linatosha, jaribu hivi. Andika: "Damu ya kundi O ipatikane hospitalini usiku." Mhusika: mfumo utajaza jina lako wenyewe, hauna jina jingine. Tarehe ya kukamilika: weka Juni 30, mwaka wa fedha unapofungwa, ili watu wa bajeti waielewe.

Kuanzia hapo kila Jumatatu saa mbili asubuhi utapokea ukumbusho kwamba wewe, daktari fulani, hujakamilisha damu. Usiufute. Usiuonee aibu pia. Utume kama ulivyo, na nembo ya chuo ikiwa juu, kwa ofisi ya afya ya kaunti, nakala kwa mkuu wa hospitali, nakala kwa mhasibu. Jumatatu inayofuata utume tena. Mfumo hauchoki, na hautumii bando lako. Unatumia la chuo.